Lugha Isiyohitaji MAGAZIJUTO

Wasikilizaji, popote mlipo mkoani Katavi, Mpanda mjini, Inyonga, Karema, au huko Ugalla ambako redio ya betri humsindikiza mrina asali porini, naomba mwenye kalamu aishike. Nitasoma sentensi moja taratibu, nawe uiandike kama utakavyoisikia.

Fungua mabano. Jumlisha. Tatu. Nne. Funga mabano.

Basi. Kwenye karatasi yako sasa pana kitu kama hiki: (jumlisha 3 4). Hiyo ni programu kamili ya kompyuta. Ukiipeleka kwenye mashine iliyofundishwa lugha ya namna ninayotaka kuizungumzia jioni hii, itakujibu: 7.

Nimekupa programu hiyo kwa mdomo tu, na hukuhitaji ubao wala picha. Lugha nyingi za kompyuta hazikubali jambo hili kirahisi. Python, inayofundishwa sana siku hizi, huonyesha kipi kimo ndani ya kipi kwa nafasi tupu mwanzoni mwa mstari; na nafasi tupu haisikiki, si redioni wala kwenye simu. Lugha za jamii ya C nazo zina mabano ya mviringo, ya mraba na yale yaliyojikunja, zina nukta mkato mwishoni mwa sentensi, tena alama moja hubeba kazi hii hapa na kazi nyingine pale. Kuzisoma kwa sauti inawezekana, lakini anayekuandikia atakuuliza kila baada ya neno: mabano yapi?

Mada ya leo ni kubuni lugha ndogo ya kompyuta kwa Kiswahili, na hoja yangu ni moja. Mbunifu akidhani kazi yake ni kuchomoa maneno ya Kiingereza na kuchomeka ya Kiswahili, ataimaliza haraka na hatakuwa amebuni kitu. Kazi yenyewe ni kupanga sentensi. Na kwa anayeanza, mpangilio unaofaa ni ule ambao mtu aweza kumsomea mwenzake kwa sauti, mwenzake akaandika, na mashine ikaelewa.

Hatuanzii patupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili kwenye menyu na ujumbe wake. Miaka ya karibuni Watanzania wametengeneza Nuru, lugha ya kompyuta ya Kiswahili, ambayo mkalimani wake, yaani programu inayoielewa na kuitekeleza, ameandikwa kwa lugha ya Go na yeyote anaweza kuichukua bure. Humo utakuta kama na sivyo, utakuta wakati, rudisha, andika, na unda kwa ajili ya kutengeneza amri mpya. Hatua hiyo ni kubwa kuliko ya menyu, kwa sababu hapo mtu anaiamuru mashine kwa Kiswahili. Hata hivyo mifupa ya Nuru ni ya jamii ya C: mabano yaliyojikunja yapo, na alama ya kujumlisha inakaa katikati ya namba mbili. Silaumu. Mwanafunzi wa Nuru akihamia JavaScript kesho hatapotea. Mimi nauliza swali jingine: tungeipangaje sentensi kama tungekuwa huru kuchagua?

Kwa swali hilo inatupasa turudi nyuma hadi mwaka 1958, chuo cha MIT nchini Marekani, ambako John McCarthy alianza kubuni lugha iitwayo Lisp. Alichapisha makala yake mashuhuri kuhusu lugha hiyo Aprili 1960. McCarthy alikusudia lugha yenye sura mbili. Sura ya kwanza, iliyojaa mabano, ilikuwa ya kuandikia data. Ya pili, inayofanana na hesabu za kawaida na yenye kupendeza macho, ndiyo watu wangeiandikia programu zao. Ndani ya makala ile aliweka kanuni moja fupi inayoeleza namna ya kukokotoa programu yoyote ya Lisp. Aliiweka kama nadharia. Kijana mmoja wa kundi lake, Steve Russell, akaona kwamba kanuni ile inaweza kugeuzwa kuwa programu ya kweli ya mashine ya IBM 704. Akaigeuza, na Lisp ikaanza kufanya kazi. Lakini ilikuwa inaelewa sura ya mabano tu. Ile sura ya kupendeza ikawa inasubiri zamu yake, na zamu hiyo haikufika kamwe, maana watu walikuwa wameshazoea mabano na kuona faida yake: programu na data zikiwa na sura moja, programu inaweza kusoma na kuandika programu nyingine.

Sarufi ya lugha hiyo naweza kuisema kwa pumzi moja. Namba ni namba. Jina ni jina. Mabano hufungua orodha. Cha kwanza ndani yake ni amri, vinavyofuata ni vitu vya kufanyiwa kazi, na chochote kati ya hivyo chaweza kuwa mabano mengine. Nimemaliza.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tuliikariri kwa sababu maandishi ya kawaida ya hesabu yana utata. Ukiandika 3 + 4 × 5, jibu ni 35 kwa anayekwenda kutoka kushoto na 23 kwa anayefuata kanuni. Lugha nyingi za kompyuta zimerithi utata huo pamoja na dawa yake, na zimeurefusha: zina ngazi nyingi za kipi kitangulie, na hata mafundi wazoefu hurudi kwenye jedwali kuangalia. Katika lugha ya mabano, hesabu ya 23 ni (jumlisha 3 (zidisha 4 5)), na ya 35 ni (zidisha (jumlisha 3 4) 5). Hakuna wa kubishana naye. Kilichobaki katika MAGAZIJUTO ni MA peke yake.

Mtu makini ataniuliza: kama amri inatangulia, mabano ya nini tena? Ana haki. Katika miaka ya 1920 Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, alionyesha kwamba ukiitanguliza alama ya tendo, na kila tendo likiwa na idadi maalumu ya vitu, mabano hayahitajiki kabisa. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, mtoto wa Lisp aliyetengenezewa watoto, na humo amri za kila siku huandikwa bila mabano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilifika hadi kwa watoto wa shule Dakar, Senegali. Lakini hata Logo, ikitaka kujumlisha namba zaidi ya mbili kwa amri moja, hurudi kuazima mabano. Na maisha hayatupi namba mbili mbili. Mrina asali wa Ugalla aliyeshusha asali kwenye miti saba ana namba saba, mojawapo sifuri kwa kuwa nyuki walihama: (jumlisha 18 20 15 0 22 19 17). Jibu ni lita 111. Amri moja, vitu saba, na mabano ndiyo yanayosema orodha imeishia wapi. Kwa hiyo mabano yabaki.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Mwalimu wa darasa la tatu husema, "Jumlisha tatu na nne." Husema, "Zidisha sita kwa tano." Husema, "Gawanya ishirini kwa nne." Mara zote amri imetangulia, vitu vimefuata, na mpangilio wake ni uleule wa Lisp; ukiondoa "na" na "kwa", unabaki na programu. Ni kweli kwamba mtoto akisoma alama ubaoni husema "tatu jumlisha nne", amri ikakaa katikati. Njia zote mbili zimo katika Kiswahili chetu. Ya kwanza hutumika tunapoagiza, ya pili tunaposoma alama. Kuandika programu ni kuagiza, kwa hiyo ya kwanza inatufaa.

Ila kuna kikwazo, nacho kinaitwa toa. "Toa tatu kutoka kumi." Hapa kinachotolewa kimetangulia na kinachotolewa kwacho kimefuata. Lakini mtoto yuleyule akisoma alama husema "kumi toa tatu", na mpangilio umegeuka. Basi nikiandika (toa 3 10), mashine ijibu nini? Anayesikia sentensi ya mwalimu atataka 7. Anayesikia alama ya ubaoni atataka hasi 7. Wote ni Waswahili, na wote wana hoja.

Mbunifu ana njia tatu. Aweza kufuata desturi ya Lisp, 10 itangulie, na mwanafunzi ajifunze kugeuza sentensi yake kichwani. Aweza kufuata sentensi ya Kiswahili, 3 itangulie. Lakini vikiwa vitu vingi, msomaji atalazimika kukimbilia mwisho wa orodha kujua tunapunguza kutoka kipi. Au aweza kuliacha neno toa na kuchukua punguza. "Punguza kumi kwa tatu." Hapo 10 imetangulia bila kulazimishwa, na vitu vikizidi mambo hayaharibiki: (punguza 10 3 2 1) ni 4. Mimi nachagua punguza. Sikuichagua kwa uzuri wa neno. Nimeichagua kwa sababu mpangilio wa sentensi yake unakubaliana na mpangilio wa mabano.

Kipimo hichohicho kinatusaidia kwenye maneno ya kulinganisha. Mtu atashawishika kuiita amri kubwa, ili kuuliza kama kitu hiki ni kikubwa kuliko kile. Lakini Kiswahili hakitamwachia: mzinga ni mkubwa, kibuyu ni kikubwa, debe ni kubwa. Mashine haina haja ya kuanza kujua ngeli ili ilinganishe namba mbili. Tutafute maneno yasiyobadilika: sawa, zaidi, tupu. (zaidi 5 3) inasomeka bila ugomvi na ngeli yoyote, na jibu lake ni kweli.

Sasa neno kama. Hili ni neno dogo lenye siri kubwa, na anayebuni lugha kwa mara ya kwanza hukwama hapa. Kanuni yetu ya kawaida ni kwamba mashine hukokotoa kwanza vitu vyote vilivyo ndani ya mabano, kisha ndipo hutekeleza amri. Tuchukue mrina asali anayetaka wastani wa lita kwa mzinga. Anagawanya asali kwa mizinga. Mwaka ambao hakuna mzinga ulioingiwa na nyuki, idadi ya mizinga ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Kwa hiyo anaandika: (kama (sawa mizinga 0) 0 (gawanya asali mizinga)). Maana yake: mizinga ikiwa sawa na sifuri, jibu ni sifuri, isipokuwa hivyo, gawanya.

Mashine ikifuata kanuni ya kawaida, itakokotoa vitu vyote vitatu kabla ya kuitazama kama. Itafika kwenye kugawanya, itagawanya kwa sifuri, na programu itaanguka kabla tahadhari yake haijasikilizwa. Ndiyo maana kama haiwezi kuwa amri ya kawaida. Ni lazima ipewe heshima ya pekee: ikokotoe swali kwanza, ichague njia moja, na njia nyingine isiguswe kabisa. Amri za heshima hiyo ziwe chache. Lugha ndogo inatosheka na nne: kama, ya kuchagua njia, fafanua, ya kukipa kitu jina, unda, ya kutengeneza amri mpya, na nukuu, ya kuiambia mashine iache kitu kilivyo. Kama na unda nimeziazima Nuru makusudi, ili mtoto anayetoka huku kwenda kule asikute maana mbili.

Zile nne zinatosha kwa mengi. Ile hesabu ya wastani tunaweza kuipa jina: (fafanua wastani (unda (asali mizinga) (kama (sawa mizinga 0) 0 (gawanya asali mizinga)))). Hapo (asali mizinga) si amri, ni majina ya vitu ambavyo amri mpya itapokea. Kuanzia hapo lugha ina amri ambayo mbunifu hakuiweka. (wastani 120 8) itajibu 15. Mrina asali ameiongezea lugha neno lake, na neno hilo linatumika kwa sura ileile ya maneno ya mbunifu. Lugha za jamii hii zinapendwa kwa sababu hiyo.

Ngoja niseme jambo ambalo mtaalamu wa Lisp wa ng'ambo hawezi kuliona, kwa kuwa lugha yake haimsumbui nalo. Andika jina ng'ombe.

Katika Lisp nyingi, ile alama ndogo ya juu, ritifaa, ni kifupi cha nukuu. Ukiandika ng'ombe katika Common Lisp, msomaji wa mashine ataona jina ng, atasimama, kisha ataona kitu cha pili kilichonukuliwa, ombe. Ng'ombe mmoja amekuwa vitu viwili. Python nayo itadhani umefungua maandishi na kusahau kuyafunga. Katika mkoa wenye ng'ombe, ng'ambo ya mto na mtu anayeng'oa visiki shambani, hilo si jambo la pembeni. Clojure, Lisp iliyotolewa na Rich Hickey mwaka 2007, ilikuja kuruhusu ritifaa katikati ya jina, kwa hiyo tunajua inawezekana. Lugha yetu iseme hivi: ritifaa iliyo ndani ya neno ni sehemu ya neno. Na kwa kuwa baadhi ya simu huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyojipinda, msomaji azikubali zote mbili na kuzihesabu kitu kimoja. Kunukuu kufanywe kwa neno zima, nukuu, ambalo linasikika redioni.

Kuna la pili kama hilo. Bei kwetu huandikwa 12,000. Lugha nyingi hutumia mkato kutenganisha vitu, kwa hiyo 12,000 inakuwa vitu viwili, 12 na 000. Katika lugha ya mabano, vitu vinatenganishwa na nafasi, na mkato hauna kazi. Basi tuupe kazi tuliyoizoea: mkato ulio katikati ya tarakimu upuuzwe, na 12,000 isomeke elfu kumi na mbili. Hapo hatukuongeza kanuni kwa mwanafunzi, tumemwondolea moja.

Jambo la tatu ni majina. Kiswahili kina maneno yanayokuwa kitenzi hapa na nomino pale. Kata mti, kata ya Ugalla. Panga mizigo, chukua panga. Kompyuta inayosoma Kiswahili lazima iamue ni lipi kati ya hayo, na hapa historia ya Lisp inakutana na yetu. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kutengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili. Katika chuo hichohicho Fred Karlsson alitoa mwaka 1990 utaratibu wa kanuni za kuondoa utata wa maneno kwa kutazama majirani zake, na programu yake ya kwanza ilikuwa ya Lisp, kanuni zenyewe zikiwa ndani ya mabano. Baadaye Hurskainen aliutumia utaratibu huo kwa Kiswahili. Kwa hiyo mabano haya yameshawahi kuihudumia lugha yetu, ingawa kutoka mbali.

Katika lugha yetu ndogo, nafasi yaweza kuondoa utata: neno la kwanza ndani ya mabano ni amri, mengine si amri. Common Lisp hufanya hivyo. Kila jina lina vyumba viwili, kimoja cha amri na kimoja cha thamani, na mtu anaweza kuandika (panga panga) bila kosa. Scheme, Lisp iliyobuniwa mwaka 1975 na Guy Steele na Gerald Sussman, hutoa chumba kimoja tu kwa kila jina. Mzungumzaji wa Kiswahili atavutwa na vyumba viwili. Mimi nimevutwa, kisha nikaviacha, kwa sababu mwenye vyumba viwili huhitaji alama ya ziada kila anapotaka kumkabidhi mwenzake amri yenyewe badala ya jibu lake. Nachukua chumba kimoja na gharama yake: mwanafunzi akikiita kitu chake orodha, wakati orodha ni amri tayari, mashine imwambie hapohapo kwamba ndani ya mabano alimoliweka jina hilo orodha haitaamuru tena.

Na orodha yenyewe inakaaje kwenye mashine? Fikiria treni ya mizigo ya tawi la Kaliua kuja Mpanda, inayovuka Mto Ugalla. Kila behewa lina vitu viwili: mzigo wake, na kiungo cha kulishika behewa linalofuata. Behewa la mwisho kiungo chake hakishiki kitu. Orodha ya Lisp ni hivyo hivyo, na maswali yake ni mawili tu: cha kwanza ni nini, na kilichobaki ni kipi. Tuziite amri hizo kwanza na baki. Kujumlisha mzigo wote basi kunaelezeka hivi: treni isiyo na behewa ina jumla sifuri, treni nyingine yoyote, jumla yake ni mzigo wa behewa la kwanza ukijumlishwa na jumla ya mabehewa yaliyobaki. Kuiandika ni hivi: (fafanua jumla (unda (namba) (kama (tupu namba) 0 (jumlisha (kwanza namba) (jumla (baki namba)))))). Amri inajiita yenyewe kwa orodha fupi zaidi kila mara, hadi orodha iishe. Na ukitaka kuipa zile lita za asali, usisahau nukuu: (jumla (nukuu (18 20 15))). Bila nukuu mashine itaona mabano, itachukua cha kwanza kuwa amri, na itashangaa kuamriwa na 18.

Sasa nitaje udhaifu, maana mwenye kalamu ameshauona. Ile sentensi ya jumla inaishia na mabano sita ya kufunga. Kuisoma redioni ni kusema funga, funga, funga, funga, funga, funga, na msikilizaji aliyepiga chafya katikati amepotea. Watu wamekuwa wakiifanyia Lisp mzaha kwa jambo hili tangu zamani. Dawa moja ilikuwepo katika Interlisp ya miaka ya 1970: bano moja la mraba mwishoni hufunga mabano yote yaliyobaki wazi. Kwa sauti tungesema tu: funga yote. Naipenda dawa hiyo, lakini ina sumu yake. Ukisahau kufunga katikati, funga yote itafunika kosa lako bila kulalamika. Kwa hiyo mashine ikubali funga yote, kisha imwonyeshe mwandishi sentensi yake upya, imepangwa mstari kwa mstari, kila kilicho ndani kikisogezwa kulia. Nafasi tupu zifanye kazi ya kuonyesha, si kazi ya kuamua. Atakayeona kugawanya kumesogea mahali asipokukusudia atajua pa kurekebisha.

Kuna atakayesema: yote haya ya nini, ikiwa ajira ziko kwenye Python na JavaScript, na zote ni za Kiingereza? Simbishii kuhusu ajira. Lugha hii haitamwajiri mtu. Lakini mtoto wa Katavi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta Kiingereza. Akikutana na kompyuta wakati huohuo, anabeba mizigo miwili migeni, na mmoja ukimshinda anadhani imemshinda yote. Wazo la amri inayojiita yenyewe ni gumu kwa lugha yoyote. Ni afadhali apambane nalo katika lugha anayoitumia kuulizia njia. Pili, na hili naliona kubwa zaidi, lugha ya mabano ni ndogo kiasi cha mtu mmoja kuijenga yote. Mwaka 2010 Peter Norvig alionyesha Scheme ndogo iliyoandikwa kwa Python kwa mistari kama 100. Kijana wa Mpanda anayeijua Python kiasi anaweza kuisoma kazi kama hiyo, akaielewa, na kuandika yake ya Kiswahili. Huwezi kusema hivyo kuhusu lugha zenye ngazi kumi na tano za MAGAZIJUTO.

Atakayeanza, asianze na kikokotoo, ile sehemu inayotekeleza amri, ingawa ndicho chenye sifa. Aanze na msomaji, ile sehemu inayopokea herufi na kuzigeuza kuwa orodha. Ampe mitihani mitatu: ng'ombe awe jina moja, 12,000 iwe namba moja, na sentensi iliyosahau kufunga mabano ijibiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kikitaja ni mabano mangapi yamebaki wazi na ya kwanza yalifunguliwa kwa amri ipi. Akifaulu hapo, yaliyobaki yana njia iliyopitiwa na wengi.

Na kama hukubaliani nami kuhusu punguza, usinikubalie kwa sababu nimesema redioni. Jenga lugha yako ambamo toa inaanza na kinachotolewa. Nenda nayo shule ya msingi iliyo karibu nawe, wape watoto wa darasa la nne sentensi ya maneno, na uwaache waiandike kwa mabano bila kuwaelekeza. Watakachoandika wengi wao ndicho kiwe sarufi, hata kikiangusha hoja yangu ya leo.